Bega la mama limeganda, la kijana linachomoka: nani kati yao apasuliwe?

Swali: "Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 54 na nimeishi na kisukari kwa miaka 9. Bega langu la kushoto lilianza kuuma miezi 6 iliyopita bila kuanguka wala kunyanyua kitu kizito. Usiku silali upande huo, na siku hizi siwezi kufunga kilemba wala kupeleka mkono mgongoni. Nilipigwa picha ya MRI, majibu yakasema ukano mmoja umechanika kidogo, na nimeshauriwa nipasuliwe haraka kabla haujakatika wote. Mwanangu wa miaka 22 naye bega lake la kulia limechomoka mara 4 tangu aanguke na pikipiki mwaka jana, lakini yeye haumwi. Likirudi anaendelea na kazi, na ameambiwa avumilie litakaza lenyewe. Je, nikubali kupasuliwa? Na huyu kijana tumwache?"

Jibu: Mama, nashukuru kwa kueleza kwa utaratibu, maana maelezo yako yamenipa karibu yote ninayohitaji. Kwa hali uliyoieleza, ningekushauri usikubali kupasuliwa kwa sasa, na ningeshauri kijana wako aonwe na daktari wa upasuaji wa mifupa ndani ya mwezi huu. Najua ushauri huu unaonekana kama umegeuzwa juu chini, kwa sababu anayekesha kwa maumivu ni wewe, na yeye anaendesha pikipiki kama kawaida. Lakini ukali wa maumivu ya bega haupimi haja ya kisu. Bega lililoganda huuma kuliko karibu magonjwa yote ya bega, na mara nyingi hupona bila kufunguliwa. Bega linalochomoka hutulia kabisa kati ya tukio moja na jingine, huku kila tukio likimega kitu ndani ambacho hakirudi.

Ili tuelewane, nianze na umbo la kiungo chenyewe. Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu, lakini bega limekaa kama chungwa juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa: kichwa cha mfupa wa mkono ni cha duara na kikubwa, na sehemu ya kombe la bega inayokipokea ni ndogo na haina kina. Kinachokizuia kichwa hicho kisiteleze ni ukingo wa gegedu uliozunguka kisahani, kifuko laini kinachofunika kiungo chote, na misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega na kukivika kichwa cha mfupa kwa kano zake kama kofia. Ndiyo maana mkono unaweza kufika kwenye bomba la juu la daladala na pia kwenye kifungo cha gauni mgongoni, na ndiyo maana vilevile hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachoteguka mara nyingi kama bega. Wewe na mwanao mna matatizo mawili yanayokabiliana: kifuko chako kimesinyaa na kukaza mno, na cha kwake kimeng'oka na kulegea.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kuendelea kusoma. Simama mbele ya kioo ambacho wateja wako hujitazamia wanapojaribu nguo. Bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje ili mikono itazame mbele, dole gumba likiwa juu, kisha fungua mikono nje taratibu kama mtu anayefungua mlango wa mbao mbili. Mkono wa kulia utakwenda mbali. Wa kushoto, kwa maelezo uliyonipa, natarajia ukwame karibu na pale ulipoanzia. Sasa mwombe mwanao aushike mkono huo kwa upole na kujaribu kuusogeza zaidi huku wewe umelegeza misuli yote. Akishindwa naye, basi shida haipo kwenye nguvu za misuli wala kwenye ukano uliochanika, kwa kuwa ukano uliochanika humnyima mtu uwezo wa kuuinua mkono wake mwenyewe lakini haumzuii mtu mwingine kumwinulia. Mkono usiosogezwa na mwenyewe wala na mwingine ni mkono uliofungwa na kifuko cha kiungo au na mifupa yenyewe.

Picha ya kawaida ya eksirei inatosha kutenganisha hayo mawili. Ikiwa mifupa na gegedu havijalika na kichwa cha mfupa kipo mahali pake, ugonjwa wako ni bega lililoganda, jina ambalo daktari Ernest Codman wa Boston, Marekani, aliliweka kwenye vitabu vya tiba mwaka 1934. Yeye mwenyewe aliandika kwamba ni ugonjwa mgumu kuufafanua na mgumu kuutibu, na miongo mingi baadaye bado tunakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara kadhaa zaidi ya wengine. Katika watu wote hukadiriwa kuwapata kati ya asilimia 2 na 5, ilhali kwa wenye kisukari makadirio hufika asilimia 10 hadi 20. Wenye matatizo ya tezi ya shingo nao hupatwa zaidi. Kwa mwenye kisukari hukawia kupona, na bega la pili laweza kufuata baada ya muda. Nakwambia hili la mwisho ili siku bega la kulia likianza kuuma usingoje miezi 6.

Ugonjwa huu una mwendo wake. Kwanza huja kipindi cha maumivu makali, hasa ya usiku, ambapo kifuko kimevimba na kuwaka. Baadaye maumivu hupungua lakini mkono unabaki umefungwa. Mwisho, polepole sana, kifuko huanza kulegea. Safari yote huchukua kati ya mwaka mmoja na mitatu, na wapo wanaobaki na upungufu kidogo wa kunyoosha mkono ambao hauwazuii kufanya kazi. Wewe uko kati ya kipindi cha kwanza na cha pili, na hilo ni muhimu, kwa sababu tiba inayofaa hutegemea kipindi.

Maadamu usiku bado unakesha, tiba yenye faida kubwa ni sindano ya dawa jamii ya steroidi ndani ya kiungo, ikifuatiwa na mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Sindano hii hailegezi kiungo, wala haifupishi sana maisha ya ugonjwa, lakini humpa mtu wiki kadhaa za nafuu ambazo ndani yake mazoezi yanawezekana. Kwako kuna tahadhari moja ambayo nasikitika kuona wagonjwa wengi hawaambiwi: sukari itapanda. Hupanda ndani ya siku ya kwanza au ya pili na inaweza kubaki juu kwa siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki. Hiyo si sababu ya kuikataa sindano. Ni sababu ya kupima sukari mara nyingi zaidi wiki hiyo, kumjulisha mapema daktari anayekutibu kisukari, na kutochomwa siku ambayo sukari tayari iko juu sana. Kuhusu vidonge, parasetamo ni salama kwako kwa kipimo sahihi, ila diklofenaki na ibuprofeni usizinunue dukani na kuzimeza miezi mfululizo, kwa kuwa figo za mwenye kisukari na shinikizo lake la damu haviwezi kuzivumilia kwa muda mrefu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Inama ukiwa umeegemeza mkono wa kulia kwenye meza ya cherehani, acha wa kushoto uning'inie kama timazi ya fundi mwashi, kisha uupunge mbele na nyuma, halafu kwa duara, dakika chache asubuhi na jioni. Simama karibu na ukuta utembeze vidole kupanda juu, na uweke alama ya chaki pale unapoishia ili wiki ijayo uone kama umeipita. Fundi kama wewe una chaki mkononi kila saa. Shika mti wa ufagio kwa mikono miwili, viwiko vikiwa ubavuni, utumie mkono mzima kuusukuma ule mgonjwa kuelekea nje. Maumivu yakishapungua, chukua kanga, ipitishe mgongoni kama anayejikausha baada ya kuoga, mkono wa kulia ukiwa juu na wa kushoto chini, uvute taratibu. Maumivu yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi si kitu cha kuogopa, lakini yakikesha nawe usiku, siku inayofuata punguza.

Hapa niombe ndugu zako wanielewe, kwa sababu najua wanakupenda. Kumpeleka mtu mwenye bega lililoganda kwa mchuaji anayeuvuta mkono kwa nguvu "ili ufunguke" ni hatari, hasa kwa mwanamke aliyekaribia au aliyepita ukomo wa hedhi ambaye mifupa yake inaanza kupungua uzito. Katika kipindi cha kuwaka, kila mvuto wa nguvu huongeza uvimbe ndani ya kifuko, na mfupa wa mkono unaweza kuvunjika. Kuchuliwa kwa upole misuli ya shingo na mgongo kwa mafuta ya uvuguvugu hakuna ubaya, kunaburudisha. Kuvutwa ndiko ninakokukataza.

Upasuaji wa bega lililoganda upo, na unaingia pale ambapo miezi kadhaa ya sindano na mazoezi ya kweli haikuleta nafuu ya kutosha. Njia ya kwanza ni kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na daktari kuunyoosha mkono kwa ustadi mpaka kifuko kilichokaza kiachie. Ni ya haraka, lakini mara chache mfupa huvunjika au ukano huchanika. Njia ya pili ni upasuaji wa matundu madogo: kamera nyembamba kama penseli huingizwa nyuma ya bega, kifaa kingine mbele, na sehemu ya kifuko iliyosinyaa hukatwa mtu akiitazama kwenye skrini. Uingereza walifanya utafiti wa wagonjwa 503 uliochapishwa mwaka 2020, wakilinganisha njia hizo mbili na sindano pamoja na fiziotherapia iliyopangwa vizuri. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote matatu yalikuwa yamepona sana, na hakuna njia iliyoizidi nyingine kwa kiasi ambacho mgonjwa angekiona katika maisha yake. Matatizo makubwa yalikuwa machache, lakini mengi kati yake yaliwapata waliopasuliwa. Ndiyo maana naona anayeanza na kisu ameanza na njia yenye madhara zaidi bila kuwa na faida zaidi.

Tuje sasa kwenye karatasi ya MRI, kwa sababu nadhani ndiyo iliyokutisha. Neno "umechanika" linaposomwa na fundi nguo lina maana mbaya kuliko kwa mtu mwingine, kwani nguo ikianza kuchanika pindoni wewe unajua mpasuko utaendelea. Kano za bega hazifuati sheria hiyo kila wakati. Zinachakaa jinsi umri unavyosonga, kama nywele zinavyoota mvi, na mamilioni ya watu wana kano zilizochakaa au kutoboka bila kuhisi chochote. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na tatizo lolote, na kwa waliopita umri wa miaka 60 zaidi ya nusu walikutwa na mpasuko, mdogo au kamili. Mpasuko mdogo kwa mwanamke wa miaka 54 unaweza kabisa kuwa ulikuwapo kabla ya maumivu haya. Tena, ukishonwa ukano huo huku kifuko kimeganda, mkono utafungwa kwenye mkanda wiki 4 hadi 6 ukiwa tayari haufunguki, na utatoka hapo umekaza zaidi. Kwa kawaida hulegezwa kwanza ugumu, na ukano hutathminiwa upya baadaye, ikiwa bado kuna udhaifu.

Simaanishi kwamba kano zilizochanika hazishonwi. Zipo ambazo kuchelewa kuzishona ni kumdhulumu mgonjwa. Mtu aliyekuwa mzima jana, akaanguka kutoka kwenye ngazi au mwembe, na leo hawezi kuinua mkono ingawa eksirei haioneshi mfupa uliovunjika, huyo ana uwezekano mkubwa wa ukano uliokatika wote, na anatakiwa kuonwa ndani ya siku chache na, ikihitajika, kupasuliwa ndani ya wiki chache. Akikaa miezi mingi, ukano hurudi nyuma, na msuli wake hupungua na kuingiwa na mafuta, hali ambayo hairudi nyuma hata ukano ukishonwa vizuri. Nimewaona watu wa namna hii wakiletwa mwezi wa nane baada ya kuchuliwa miezi yote saba, na inaniuma kila mara, kwa sababu kile ambacho kingefanyika kwa saa mbili kilikuwa kimeshapotea.

Tofauti yao na wale ambao ukano umetoboka polepole kwa umri ni kubwa. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu 452 wenye ukano uliochanika wote bila ajali, wakapewa mazoezi yaliyopangwa. Katika miaka miwili, takriban robo tatu hawakuhitaji upasuaji, na wengi wa waliochagua kupasuliwa waliamua ndani ya miezi 3 ya kwanza. Kwa hiyo wiki 12 za mazoezi ya dhati ni muda wa haki wa kujua mtu yuko upande gani.

Inapoamuliwa kushona, mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo, na pale vifaa havipo, kwa mpasuo mdogo wa wazi unaotoa matokeo mazuri vilevile mikononi mwa daktari mwenye uzoefu. Vinanga vidogo mfano wa parafujo, vyenye nyuzi ngumu, huchomekwa kwenye mfupa pale ukano ulipong'oka, kisha nyuzi hupitishwa kwenye ukano na kuubana mahali pake. Kazi ya daktari huishia hapo. Kuota kwa ukano kwenye mfupa ni kazi ya mwili, na mwili hauharakishwi: kwa wiki 6 hivi mgonjwa hainui mkono kwa nguvu zake, mazoezi ya nguvu huanza karibu na mwezi wa tatu, na kazi nzito hungoja mwezi wa nne hadi wa sita. Wanaoshindwa kwa kawaida ni wavutaji wa sigara, wenye sukari isiyodhibitiwa, wenye mipasuko mikubwa ya siku nyingi, na wale waliojiona wamepona mwezi wa pili wakabeba ndoo.

Kuna operesheni moja ambayo ningependa uijue ili uikatae ukipewa kama jibu la maumivu tu: ile ya kuchonga mfupa ulio juu ya kano kwa madai kwamba unazisugua. Ilifanywa kwa wingi sana Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza na mwingine wa Finland zililinganisha watu waliochongwa na watu walioingiziwa kamera tu bila kuchongwa chochote, na tofauti ya maumivu haikuwa ya maana. Yenyewe, bila sababu nyingine, sioni kwa nini mtu aiuzie mashine yake ya kushonea.

Upo pia upasuaji wa kuweka kiungo bandia, ambao si wako lakini wasomaji wengine wanauhitaji: waliolika gegedu lote, waliovunjika kichwa cha mfupa vipande vingi, na wazee ambao kano zote zimekatika kiasi cha kutoshoneka. Historia yake inavutia. Wa kwanza kuuweka alikuwa Jules-Émile Péan wa Paris mwaka 1893, kwa mgonjwa ambaye kifua kikuu kilikuwa kimekula bega lake; kilitengenezwa kwa platini na mpira mgumu, na ilibidi kitolewe baada ya miaka miwili hivi kwa sababu ugonjwa ulirudi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1985, Paul Grammont wa Dijon alikuja na wazo la kugeuza kiungo: mpira ukae kwenye kombe la bega, na kisahani kikae kwenye mfupa wa mkono. Kwa mgeuzo huo, msuli mkubwa wa nje ya bega unaweza kuinua mkono peke yake bila zile kano nne. Mzee ambaye hakuweza kupeleka kijiko mdomoni anaweza kuvua kofia tena, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kwa wengi waliovunjika sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, hasa wazee, mkanda na mazoezi hutosha. Utafiti wa Uingereza wa watu 250 uliochapishwa mwaka 2015 haukuona tofauti kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa baada ya miaka miwili.

Sasa kijana. Mara 4 katika mwaka mmoja, akiwa na miaka 22, ni bega ambalo halitakaza lenyewe. Lilipochomoka mara ya kwanza, kichwa cha mfupa kilitoka mbele na kung'oa ukingo wa gegedu kwenye kisahani, jeraha ambalo Blundell Bankart wa London alilieleza mwaka 1923. Ukingo huo mara nyingi huponea mahali pasipo pake, na mlango unabaki wazi. Kadiri mtu anavyokuwa kijana, ndivyo uwezekano wa kuchomoka tena unavyokuwa mkubwa. Akiwa na miaka 50 ningesema mengine. Na kila mara kichwa kinapopita kwenye ukingo, kisahani hulika mbele kidogo na kichwa hubonyea nyuma, kama bilauri inayomegeka mdomoni kila inapogongwa.

Kiasi cha mfupa uliomegeka ndicho kitakachoamua operesheni yake, na hupimwa vizuri zaidi kwa CT scan. Ikiwa kisahani bado ni kizima, ukingo hushonwa upya kwa vinanga kupitia matundu madogo. Ikiwa kimelika kiasi cha robo hivi, kushona gegedu peke yake hakutoshi, litachomoka tena. Hapo hutumika njia iliyoelezwa na Michel Latarjet wa Lyon mwaka 1954: kijifupa kinachochomoza mbele ya kombe la bega hukatwa pamoja na misuli inayokishikilia, kikafungwa kwa parafujo kwenye ukingo wa kisahani, hivyo mfupa unaongezeka na misuli ile inakuwa kama mkanda mbele ya kiungo. Ni operesheni imara kwa vijana wenye kazi za nguvu, nayo ina hatari zake, hasa kwa mishipa ya fahamu inayopita karibu, na kwa sababu hiyo ifanywe na mtu aliyeizoea. Kila akingoja, anajisogeza kutoka operesheni nyepesi kwenda nzito. Isitoshe, anaendesha pikipiki. Bega likichomoka akiwa barabarani, hatapata nafasi ya kulirudisha.

Mpaka aonwe, asinyanyue mkono juu na nyuma, yaani asirushe kitu kwa nguvu wala kubeba mzigo kichwani kwa mkono huo. Likichomoka tena asilirudishe mwenyewe wala asirudishiwe na wenzake kijiweni. Aende hospitali, apigwe picha kabla na baada, na apimwe kama ngozi ya nje ya bega ina ganzi, dalili ya mshipa wa fahamu ulioumia. Na asichomwe kwa chuma cha moto wala kuchanjwa begani. Tiba ya kuchoma ina umri mkubwa, hata Hippocrates wa Ugiriki ya kale aliifanya kwapani kwa mabega yanayochomoka, akitumaini kovu litalikaza. Hakuwa na kamera ya kumwonesha kilichong'oka ndani, sisi tunayo.

Kuna magonjwa machache ambayo nisingependa mtu yeyote apewe jina la bega lililoganda kwa makosa. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mwalimu aliyefungwa mkono kwenye mkanda miezi 3 baada ya kuanguka kwa kifafa. Picha ya mbele ilikuwa imesomwa kuwa haina tatizo. Nilipomwambia afungue mkono nje, haukusogea hata kidogo, nami nikaomba picha ya pembeni. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimechomokea nyuma siku zote hizo. Bega linalotoka nyuma baada ya degedege au shoti ya umeme hujificha kwenye picha ya mbele, kwa hiyo picha ya pembeni si anasa. Mtu mwenye selimundu anaweza kufa mfupa wa kichwa cha mkono kwa kukosa damu. Bega linalovimba, lenye homa za jioni na kupungua uzito, lichunguzwe kifua kikuu. Bega jekundu, la moto, lenye homa kali, ni la dharura siku hiyohiyo. Na wewe Mama, kwa kuwa ni bega la kushoto na una kisukari, maumivu yakija ukipanda ngazi au kutembea haraka, pamoja na jasho, kubanwa kifua au kukosa pumzi, acha habari ya bega ukimbilie hospitali, kwani huo unaweza kuwa moyo.

Hatua zako naziona hivi. Piga eksirei ya mbele na ya pembeni kama haijapigwa. Pima kipimo cha wastani wa sukari cha miezi 3, na cha tezi kama hujawahi. Mwombe daktari wa mifupa hospitali ya mkoa azungumzie sindano na akuandikie fiziotherapia, na uende kwa wiki 12 bila kukatisha. Usipoona nafuu ya kutosha, omba rufaa kwa wanaofanya upasuaji wa bega mara kwa mara, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili au KCMC Moshi, na umuulize daktari mambo haya usoni: ni ugonjwa gani hasa anautibu, nini kitatokea usipopasuliwa, yeye mwenyewe amefanya ngapi za namna hiyo, na nani atasimamia mazoezi baada ya hapo. Madaktari wengi hupendelea kipimo cha sukari cha miezi 3 kisizidi asilimia 8 hivi kabla ya operesheni isiyo ya haraka, maana sukari ya juu huchelewesha kidonda na kukaribisha usaha, basi wiki hizo 12 zitumie kuishusha pia. Uliza mapema bima yako inalipia nini, kwa kuwa vinanga na parafujo wakati mwingine huhesabiwa peke yake.

Kijana mpeleke kwanza, na wakati unangoja zamu yake dirishani, jaribu kule kufungua mikono mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia wa hapohapo. Kwa nyuzi na mkasi tumia meza iliyo chini ya usawa wa kifua, vitambaa vizito mwachie msaidizi avishushe rafuni, na usiku lala chali au kwa upande wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa juu ya mto mbele ya kifua ili bega lisining'inie.